Kabla Fransisko Hajapiga Kamba

“Basi kamwambie mwenyewe,” Fidencio alisema, “maana mimi nimeshasema ndiyo.”

“Umesema ndiyo kwa maua ya nani?”

“Yetu.”

“Yetu? Mbegu nimesia mimi na mama yako. Kuhamisha miche, mimi na mama yako. Wewe umeshika simu tu, sasa yamekuwa yetu.”

Fidencio alikuwa amesimama katikati ya banda la neti akiwa na mpira wa maji mkononi. Alikuwa amesahau kuufunga, na maji yalimwagikia kiatu chake cha kushoto. Herlinda aliona. Hakumwambia. Mtu mzima akitoa ahadi ya kijinga kwenye simu, naye alowe mguu kidogo, hakuna ubaya.

Ahadi yenyewe ilikuwa hii. Palo Dorado, mtaa wa wastaafu ulio ng’ambo ya mto mkavu, ulitaka maua yake yapandwe Ijumaa. Jumamosi wangekuwa na sherehe ya kuwakaribisha wakazi wanaokimbia baridi ya kaskazini, na Bi Denise, meneja wa bustani, alitaka wakiingia getini wakute rangi pande zote mbili za barabara: petunia, pansi, na yale maua ambayo watu wa Laveen, kitongoji chao pembeni mwa Phoenix, huyaita vijibwa, kwa sababu ukiyabana shingo hufungua mdomo. Yote hayo ni maua ya baridi. Na Septemba, ambayo huko jangwani bado ni joto kali, ilikuwa haijaisha.

“Kumepoa, Herlinda,” Fidencio alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. “Siku tatu hatujawasha kipoza hewa. Jana usiku umevuta shuka ukajifunika mpaka shingoni, nimekuona.”

“Nimejifunika mimi. Udongo haujajifunika. Toka hapo nje uchomeke kidole chako kwenye udongo wa Mungu, halafu uje uniambie kumepoa.”

“Fransisko hajapiga kamba,” ilisema sauti kutoka pembeni.

Alikuwa Doña Nicanora, mama yake Fidencio, ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, trei ya miche mapajani, akipunguza iliyosongamana. Kwa watu waliotoka Sonora, kule Meksiko, kama yeye, mwaka hauanzi Januari. Unaanza pale Mtakatifu Fransisko anapovua kamba yake ya kiunoni, karibu na sikukuu yake mwanzoni mwa Oktoba, akaichapa mbingu. Unakuja upepo, inakuja mvua moja ya hasira, na baada ya hapo joto linakunja mkia na kuondoka. Ubaridi wowote unaotangulia kamba hiyo ni wa uongo, na Nicanora alikuwa na jina lake: kipupwe mwongo. Kila mwaka kipupwe mwongo huja kwa siku tatu nne, watu wanafungua madirisha, wanatoa viti nje, wanapanda. Wiki inayofuata wanazika.

“Mama, tafadhali,” Fidencio alisema. “Fransisko hakusaini mkataba na Palo Dorado.”

“Hata mimi sikusaini. Umesaini wewe, na tazama ulivyolowa mguu.”

Fidencio alitazama chini, akaukunja mpira wa maji kuyazuia. Herlinda aligeuka ili asionekane akicheka.

“Ahadi ni deni,” Fidencio alisema, akikung’uta kiatu.

“Deni lako, mgongo wangu,” Herlinda alijibu. “Twende tukamwone huyo Bi Denise. Leo hii. Na mimi ndiye nitakayesema.”

Mwaka uliotangulia walisikia maneno yaleyale kwenye simu, na Herlinda alinyamaza. Walipanda Septemba, na joto lilirudi kabla hawajaosha majembe. Pansi likikaa kwenye udongo wa moto na maji mengi huoza shingo. Asubuhi limesimama, jioni limelala kama mlevi, na ukilivuta linakuja juu bila mzizi. Walipanda upya, yakafa. Walipanda tena, yakashika. Mkataba ulisema kila mche utakaokufa mwezi wa kwanza hubadilishwa na mkulima kwa gharama yake. Kwa hiyo walilipwa mara moja, wakapanda mara tatu.

Lakini kilichomkera Herlinda hakikuwa jasho. Miche ya kubadilishia ilitoka katika trei walizowawekea wanawake wa parokia, wateja wao tangu banda lilipokuwa nguzo nne na shuka kuukuu. Wanawake hao walikuja Oktoba, kama kawaida yao, kununua maua ya kupanda makaburini na mbele ya nyumba, wakakuta meza tupu. Hakuna aliyemlaumu. Walisema, “Haidhuru, Herlinda, mwakani,” wakaenda kununua kwenye duka kubwa la barabarani. Hilo “haidhuru” lilimchoma kuliko matusi.

*

Kule Palo Dorado Herlinda na Fidencio waliambiwa wasubiri mlango wa nyuma, penye vigari vya gofu. Kivuli kilikuwa kimoja, na kilikuwa kimejaa vigari.

Bi Denise alitoka akiwa na kofia pana na gilasi ya barafu. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye haraka zake, asiyependa maneno mengi. Katika hali nyingine Herlinda angempenda.

“Fred!” alisema. Kwa miaka yote aliyofanya kazi naye alimwita Fidencio hivyo, na Fidencio aliitika. “Ningewakaribisha ndani, ila zulia ni jipya na hivyo viatu... mnaelewa.”

“Tunaelewa,” Fidencio alisema, akakitazama kiatu chake cha kushoto.

“Tumekuja kwa ajili ya Ijumaa,” Herlinda alisema. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, lakini Bi Denise alikuwa amezoea kuongea akimtazama Fidencio, akaendelea kumtazama Fidencio. “Naomba utupe mpaka katikati ya Oktoba. Nitakuletea miche iliyonenepa, itakayochanua mpaka Aprili. Tukipanda Ijumaa, Jumapili joto linarudi. Wametangaza digrii mia na sita za Farenhaiti.”

“Jumamosi ni sherehe, Fred. Kuna mpiga picha.”

“Yatakufa,” Herlinda alisema.

“Najua.”

Herlinda alikuwa amekuja na maelezo yake ya udongo, mizizi na usiku wa joto, ameyapanga vizuri tangu nyumbani. Hakuwa amejiandaa kukubaliwa.

“Nimeishi Phoenix miaka mingi,” Bi Denise aliendelea, akitikisa barafu. “Najua yatakufa. Lakini watu wangu wamelipa ada, na wanataka waone maua siku wanayofika, si siku inayowapendeza maua. Mimi nayahitaji Jumamosi. Yakifa mtabadilisha, kama mwaka jana. Si ndivyo tulivyokubaliana, Fred?”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayezungumzia balbu ya taa.

“Ndivyo,” Fidencio alisema.

“Na yawe yamechanua. Sitaki majani. Mkichelewa nitapiga simu kwingine, na mjue sitapenda kufanya hivyo, maana ninyi ni watu wa kutegemewa.”

Wakati huo mzee mmoja alipita akiendesha kigari, soksi zimepandishwa hadi magotini, akapunguza mwendo. Aliwakumbuka. Mwaka jana alikuwa akisimama kila asubuhi kuwaangalia wakiwa wamepiga magoti, wanang’oa maiti za pansi.

“Mwaka huu msiyaue, eti,” alisema kwa uchangamfu.

Fidencio alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha heshima, cha mtu aliyekizoea. Mzee akapunga mkono, akaenda zake.

Pikapu ilipofika mwisho wa barabara ya mitende Herlinda alimgeukia Fidencio.

“Umecheka.”

“Ulitaka nimpige?”

“Anasema sisi ndio tunaoua, nawe unacheka.”

“Ni mzee, Herlinda. Anatania.”

“Anatania kwa sababu anaamini. Hukumsikia mwenzake, Bi Denise? Mwenzake anajua yatakufa, na ni sawa, kwa sababu yakifa tutaonekana tumeyaua sisi.”

Walipovuka mto mkavu Fidencio alisema polepole, bila kumtazama:

“Wakituacha hawa, trei zote zile tutamuuzia nani? Wanawake wako wa kanisani? Mmoja atanunua trei moja, mwingine nusu, na wa tatu atakaa saa nzima akisimulia juu ya binti yake. Mimi siwezi kurudi kuezeka, Herlinda. Kiangazi kile cha mwisho nilikuwa nashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Vijana walikuwa wanageuka pembeni ili nisione wanavyocheka. Magoti haya hayarudi juu ya paa.”

Hakuwahi kumwambia habari za vijana. Herlinda aliutazama mkono wa mumewe uliokuwa kwenye gia, umechakaa na kujaa makovu ya misumari, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Lakini haikuondoka. Ilisogea tu upande mwingine.

“Ungeniambia,” alisema.

“Ili iweje?”

*

Alhamisi mchana upepo uligeuka. Vumbi likapita juu ya Laveen, rangi ya biskuti, na lilipotua, ule ubaridi ulikuwa umekwenda zake bila kuaga. Doña Nicanora alifunga madirisha moja moja, akawasha kipoza hewa, akakaa mbele yake na blauzi imefunguliwa kifungo cha juu.

“Kipupwe mwongo,” alisema. “Amekula, ameshiba, ameondoka.”

“Mama, nimesikia,” Fidencio alisema kutoka jikoni.

“Sikusema nawe. Nasema na hewa.”

“Hewa nayo imesikia.”

Walikula maharage na tortila bila maneno mengi. Fidencio alisema angepakia alfajiri, kabla jua halijawa kali. Herlinda alisema haya. Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa mshangao, maana alikuwa amejiweka tayari kwa vita, akasukuma sahani yake pembeni kama mtu aliyedhulumiwa.

“Haya tu?” Nicanora aliuliza, Fidencio alipotoka.

“Ningesema nini, mama? Kama ni kuogopa, ana haki ya kuogopa.”

“Kuogopa hakujawahi kumsaidia. Alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa mbwa, anakimbia, na mbwa wanamfuata kwa sababu anakimbia.”

Herlinda alikusanya sahani. Alikuwa amelipindua jambo kila upande na kila upande ulikuwa na mlango uliofungwa. Wakipeleka, miche itakufa, na watabadilisha kutoka katika trei za parokia, na mwaka wa pili mfululizo wanawake watasema haidhuru. Baada ya hapo hawatakuja hata kusema haidhuru. Hapo ndipo Palo Dorado watakuwa wamewashika koo kweli, kwa kuwa hawatakuwa na mteja mwingine duniani. Wasipopeleka, watashikwa koo kesho.

*

Ijumaa Herlinda alipotoka na kikombe chake cha kahawa, mbingu ilikuwa imeanza kupauka upande wa milima, na tayari hewa ilikuwa na uzito ule wa jiko lililofunikwa. Fidencio alikuwa amefanya kazi muda mrefu. Nusu ya trei zilikuwa juu ya pikapu, zimepangwa kwa ghorofa kwenye mbao alizozigongelea mwenyewe. Alikuwa fundi hodari. Hakuna trei iliyogusa nyingine.

Doña Nicanora alikuwa ameshatoka na ndoo yake, lakini hakuwa na kazi mapajani. Alikaa tu, kama watu wanavyokaa kwenye msiba.

“Yamekuwa mazuri mwaka huu,” Fidencio alisema.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Herlinda alitoa pansi moja kwenye tundu lake, akageuza. Mizizi ilikuwa myeupe, minene, imezunguka udongo na kuushika vizuri. Juu yake ua moja la zambarau lenye uso wa njano lilikuwa limefunguka lote. Mche wenye nguvu namna hii ungeweza kusimama mpaka Aprili. Na ulikuwa unakwenda kusimama siku mbili, kwa ajili ya picha.

Aliutazama mzizi, akalitazama ua. Bi Denise hakuuagiza mzizi. Wala mche hakuuagiza. Aliagiza ua, na alilisema waziwazi, penye vigari: sitaki majani.

Herlinda aliweka kikombe juu ya meza. Akashika kikonyo cha lile ua kwa ukucha wa kidole gumba, akabana. Likadondoka. Akarudisha mche kwenye tundu lake, akashika wa pili, akabana. Wa tatu. Alifika mwisho wa safu, akaanza safu nyingine. Alipofika kwenye petunia alikata ua pamoja na ncha ya tawi, kama afanyavyo mtu anayetaka mmea utawanyike na kunenepa.

Fidencio alipita na trei begani.

“Hayo hayajanyauka,” alisema.

“Najua.”

Alipiga hatua mbili zaidi ndipo akasimama. Akageuka. Sakafuni, kando ya ndala za mkewe, kulikuwa na rangi.

“Unafanya nini?”

“Nakata maua.”

“Herlinda.”

“Yatachanua tena katikati ya Oktoba. Kila tawi nililokata litatoa mawili. Huko nje kutakuwa kumepoa na udongo utakuwa umepoa, na hayatakufa.” Hakuacha kubana wakati akisema. “Mpaka hapo hakuna maua. Huwezi kupeleka kitu ambacho hakipo.”

“Umerukwa na akili. Nimeahidi. Wananisubiri getini!”

“Waambie mkeo amerukwa na akili. Watakuonea huruma.”

Aliweka trei chini kwa nguvu, akamshika mkono. Hakumuumiza, alimshika tu, kama unavyoshika mkono wa mtu anayetaka kuvuka barabara vibaya. Walisimama hivyo, vidole vya Herlinda vimepakaa kijani, wakitazamana, na Herlinda aliona kwamba mumewe hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, hofu tupu, ya mtu aliye juu ya ngazi.

“Nusu,” Fidencio alisema. “Acha nipeleke nusu. Hizi zilizo kwenye gari.”

“Nusu itakufa, na tutabadilisha kutoka nusu nyingine. Unaijua hesabu hiyo. Tumeshaifanya.”

Doña Nicanora alikuwa amenyanyuka. Alikokota ndoo yake mpaka mezani, akaketi, akanyoosha mikono.

“Nipe vijibwa,” alisema. “Pansi linanichanganya macho, linanitazama.”

“Mama, wewe usiingie.”

“Nimeingia tangu Juni, mwanangu. Leo ndiyo unaniona?”

Herlinda alimpa trei ya vijibwa. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu mfukoni mwa mumewe bila kuomba, akapiga. Bi Denise aliitika haraka, nyuma yake mashine ya kupuliza majani ikinguruma.

“Fred, mmefika wapi?”

“Ni Herlinda. Hatuji leo. Miche ni mizima, lakini haina maua. Nimeyakata.”

Mashine ilinguruma, kisha ikanyamazishwa.

“Umeyakata?”

“Yote.” Yalikuwa hayajafika robo, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaushika mche mwingine. “Katikati ya Oktoba nitakuletea, na nitasaini kwamba hayatakufa. Kwa tarehe hiyo niko tayari kubadilisha hata matatu kwa moja. Kwa leo, sibadilishi hata moja.”

“Naomba niongee na Fred.”

“Anaitwa Fidencio. Yupo hapa, anakusikia.”

Alimsogezea simu. Fidencio aliitazama kama chungu cha moto. Akafungua kinywa. Herlinda alingoja, na kwa kweli hakujua atasema nini. Baada ya miaka yote ile ya ndoa, hakujua.

“Ni kama alivyosema mke wangu,” Fidencio alisema.

“Wako wakulima wengine,” Bi Denise alisema.

“Wapo,” Herlinda alisema. “Waulize kama watabadilisha bure.”

“Nitawapigia,” Bi Denise alisema, na simu ikakatika. Hakueleza kama alikuwa na maana ya kuwapigia wao au wale wengine.

Herlinda alimrudishia mumewe simu mfukoni, akarudi kwenye trei. Kwa muda ilisikika tu sauti ndogo ya vikonyo vikikatika, na feni la mwisho wa banda likisukuma hewa yenye unyevu. Fidencio alisimama kando ya pikapu, mkono juu ya ubao.

“Asipopiga?” aliuliza.

“Oktoba nitasimama mlangoni pa kanisa baada ya kila misa, nauza trei moja moja, na nitasikiliza habari za mabinti wote wa parokia.”

“Na isipotosha?”

“Isipotosha nitapanda paa mimi. Magoti yangu mazima.”

“Hujui hata kushika nyundo,” Fidencio alisema.

“Utakuwa chini unanielekeza. Unapenda kuelekeza.”

Nicanora alitoa sauti puani ambayo ingeweza kuwa kicheko. Fidencio alijikuna shingo, akatazama mashariki. Jua lilikuwa limetoka nyuma ya milima, na mwanga wake wa kwanza, mkali tayari, ulikuwa unapanda kwenye gurudumu la nyuma.

“Anza kushusha zile za mwisho,” Herlinda alisema bila kuinua kichwa. “Jua linazifikia.”

Fidencio alifungua kizuizi cha nyuma cha pikapu, akainama taratibu kwa ajili ya magoti yake, akashusha trei ya kwanza.